Alikula Kwanza

Mwanza, Jumapili, 4 Mei 2025

Shangazi Sihaba,

Leo ni mwaka mmoja na miezi saba tangu nipande basi pale stendi ya Kibiti, wewe ukiwa umenishika mkono dirishani kama mtu anayetaka kunishusha. Shikamoo. Mimi sijambo. Mgongo ndio hauko sawa, lakini mgongo wa kibarua hauna habari mpya. Nategemea wewe hujambo, na binti yako Mwanawetu na wanawe hawajambo. Barua hii nampa mkweo Amri, basi lao linalala hapa leo. Ukiiona imekunjamana jua ameikalia. Mvua huku imekatika. Samaki wapo ila hawana chumvi, nimewazoea kama mtu anavyozoea wakwe. Ruaruke vipi? Mpunga umetoka, au nguruwe wameuwahi tena?

Naandika kwa sababu juzi nilikupigia, nikataja jambo moja, ukakata simu. Nikapiga tena, ukakata tena. Barua hutaweza kuikata. Utaichana, lakini kwanza utaisoma, nakujua.

Unajua nilikuja huku kubeba zege. Zege lilipoisha, nyapara akatuhamishia ufukweni kwa watu wa filamu. Wanatengeneza filamu ya watu wa delta yetu, na wanaitengenezea ziwani, kwa kuwa wanasema kwetu mitambo yao haifiki na maji yanapanda na kushuka bila kumuuliza mtu. Basi tumejenga kijiji. Nimejenga Kiongoroni yetu ya uongo, Shangazi, na mikoko ya mabomba ya plastiki iliyopakwa rangi ya tope. Tulipomaliza nilisimama nikacheka mpaka nyapara akaninusa mdomo.

Siku moja nilikuwa kwenye mtumbwi namwita mwenzangu wa ng'ambo alete kamba. Mwongozaji wa filamu, kijana wa Tanga anaitwa Sadallah, akaja mbio majini na viatu vyake. "Wewe wa wapi?" Nikamwambia. "Hebu ita tena." Nikaita tena. Kumbe mtu waliyemleta kuwafundisha waigizaji kusema kama watu wa Rufiji alikuwa ameugua na amerudi kwao. Tangu hapo asubuhi nabeba mbao, mchana nafundisha. Kazi hiyo inaitwa mwalimu wa lafudhi. Usicheke. Ndiyo, ni mimi, niliyeishia darasa la sita.

Wao walidhani lafudhi ni ulimi. Mimi nikaona tatizo lao kubwa ni haraka. Kuna mwigizaji anaitwa Bushiri, anaigiza mvuvi. Akimwita mtu aliye mbali anapiga kelele kama anafukuza ndege. Namwambia, mtu wa majini hapigi kelele, anaiachia sauti iende polepole, maji yatabeba. Na yupo Yasmin, binti wa Dodoma, ndiye mwigizaji mkuu, anaigiza mke. Huyo akisalimia anamaliza salamu kama anayelipa nauli. Namwambia, "Dada, ukisalimia kaa. Usisalimie umesimama moyoni." Sasa anaanza kukaa.

Ndipo tukafika mahali pagumu. Mume wake anazama, na yeye anakwenda kwa wakwe kupeleka habari. Kwenye karatasi zao imeandikwa anaingia, analia, anaanguka mlangoni. Nikasema kwetu hauingii hivyo. Sadallah akaniuliza, "Kwenu unaingiaje?" Nikamkumbuka mama, Shangazi.

Baba alipozama na boriti zake, mama alipanda mtumbwi kutoka Kiongoroni mpaka Nyamisati, akatembea mpaka Ruaruke kuwaletea habari. Mimi niliachwa kwa jirani. Walioona ni bibi, wewe, na mama mwenyewe. Bibi hayupo. Mama nikimpigia kwa simu ya jirani yake Zena na kumuuliza, husema, "Niliwaambia, basi," halafu mtandao unakatika au anakata yeye. Umebaki wewe. Nieleze alivyoingia, alivyosalimia, alikaa wapi, na alikaa kiasi gani mpaka akasema.

Nisalimie wote.

Mwanao,
Saadi


Ruaruke, 29 Mei 2025

Saadi,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mwanawetu amejifungua mtoto wa kike, anaitwa Habiba, ana sauti kama honi ya basi la baba yake. Amri anasema barua yako hakuikalia, aliilalia. Mpunga tumeambulia nusu, nusu ya pili wamekula nguruwe. Mguu wangu wa kushoto bado ni adui yangu. Hizo ndizo habari.

Barua yako niliisoma nikaichana. Kisha nikaiunganisha kwa gundi ya wajukuu, nione kama kweli uliandika ulichoandika. Kweli umeandika.

Jibu ni hapana. Watu wa sinema wana lao, na sisi tuna letu. Kuna nyumba zina aibu ya mwizi, kuna nyumba zina aibu ya mlevi, yetu ni ile, na nimeifunika miaka yote mpaka watu wamesahau. Wewe unataka kuipeleka ukutani iangaliwe na nchi nzima, na watu wanunue bisi.

Unajua mama yako alifanya nini? Hukuambiwa kwa sababu ulikuwa mtoto, na mtoto hapewi ubaya wa mama yake. Leo una mvi, nakupa.

Alikuja alasiri. Nilikuwa uani natwanga. Akapiga hodi, sauti ya kawaida kabisa. Mama yangu akasema karibu. Akaingia, akaamkia, akakaa mkekani upande wa mlango. "Habari za Kiongoroni?" Akasema njema. "Mwanangu hajambo?" Hapo alishika ukindu wa mkeka, akasema, "Tunamshukuru Mungu." "Watoto?" "Hawajambo." Hilo simlaumu. Ndiyo desturi. Mwenye msiba anasalimia mpaka mwisho, anapewa maji, akishakunywa anasema "lakini", na kila mtu anajua. Tulimpa maji. Akanywa. Nikamsubiri aseme lile neno, maana nilishaona miguu yake ina tope la mtu aliyekuja bila kusimama popote. Hakusema.

Alikaa. Akauliza habari za mbuzi! Mama yangu siku hiyo amefunga, analipa siku zake za Ramadhani, midomo imekauka, anajibu habari za mbuzi. Jua likazama. Tukaandaa wali na kamba wa nazi. Mama akamwambia, "Karibu, mkwe wangu." Mimi nikajua hapa atasema, hawezi kutia mkono kwenye sinia na neno lile kifuani. Akatia. Akala. Akala vizuri, Saadi, si kwa kugusagusa. Na akaongeza! Alichukua upawa kwa mkono wake mwenyewe, akaongeza.

Alipomaliza akanawa, akasema, "Mama, lakini." Kaka yangu alikuwa ameshalala majini siku mbili, na mkewe anaramba vidole nyumbani kwetu.

Sijamsalimia tangu matanga yalipoanuliwa. Yeye hakuwahi kuja kujieleza, na mimi sikwenda kuuliza. Sasa umejua. Kaa nalo, usimpe mtu.

Shangazi yako


Mwanza, 15 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo, na Idi iliyopita iwe ya heri. Hongera kwa Habiba. Sisi Idi tulisali ufukweni, kisha tukapandisha mitambo, maana Sadallah anasema jua halina sikukuu. Jambo moja baya: simu yangu imetumbukia ziwani nikiwa nafunga kamba ya mtumbwi. Nilipiga mbizi nikatoka na kopo la rangi. Kwa hiyo usipige, sipatikani. Ukiwa na jambo la haraka mpigie nyapara, namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Sasa sikiliza, na usichane mpaka umalize.

Nimempa Yasmin. Nimempa yote: hodi, mkeka, ukindu, maji, mbuzi, wali na upawa. Nilimsomea barua yako neno kwa neno. Uliniambia nisimpe mtu, nimempa, na sijutii. Umeandika ubaya wa mama yangu kurasa mbili, lakini hakuna aliyewahi kunichorea mama yangu vile. Miaka yote ninyi mnanificha, yeye ananiambia "niliwaambia", na mimi katikati sina kitu. Sasa nina tope la miguuni mwake. Ni langu. Nitalifanyia nitakalo.

Unasema aibu. Aibu ya nani? Alikula wali wa nyumbani kwake, kwa mkwe wake. Hakuiba. Kama aibu ipo, ni ya watu wawili wanaokaa wilaya moja na wasioambiana hata "salama". Sikuheshimu kwa kunyamaza, nakuheshimu kwa kukuambia.

Tulifanya mazoezi jana. Yasmin alisalimia mpaka nikasikia baridi mgongoni pale pabovu. Alipofika kwenye wali akasimama. Akaniuliza, "Mwalimu, mbona alikula?" Nikasema njaa, alikuwa ametembea. Akasema, "Hapana. Mwenye njaa haulizi habari za mbuzi. Siwezi kula mpaka nijue ninachokula." Nikamwambia sijui. Bushiri akadakia, "Andikeni alikula kwa sababu wali ulikuwa mtamu, tukalale."

Sadallah naye ana lake. Anataka salamu, anaipenda, lakini wali anautoa. Anasema watu wa kwenye viti hawatakaa kutazama mtu anakula. Si mtu mbaya. Alinieleza kwa upole na akanipa kiti. Nikamwambia nimekataa kiti na nimekataa maneno.

Kwa hiyo kuna swali, na mwenye jibu yuko Kiongoroni. Kamuulize.

Saadi


Ruaruke, 12 Julai 2025

Saadi,

Marahaba. Mtoto hajambo. Mguu vilevile.

Nimekasirika kiasi kwamba nimeandika barua hii mara mbili, ya kwanza nimeitia jikoni. Umepewa siri ukaifanya somo. Unamwita mama yako wako, na kaka yangu alikuwa wa nani?

Keshokutwa nakwenda Kiongoroni. Usifurahi. Nakwenda kumwambia mama yako kwa mdomo wangu akukataze, maana mimi hunisikii. Nimesikia hajambo. Huenda nikakaa kidogo, bahari ya mwezi huu ina upepo na mguu wangu hautaki kurudi siku hiyohiyo. Mwanawetu atabaki na nyumba. Ukiandika, mpe Amri, ataifikisha kwenye boti.

Wala usijaribu kupiga kwa Zena.

Shangazi


Mwanza, 20 Julai 2025

Shangazi, na wewe mama kama unasomewa,

Shikamooni wote wawili. Siamini kama naandika hivyo, shikamooni wote wawili.

Sina cha kuomba radhi. Nina la kusema tu, nalo limetokea hapa juzi.

Nilimwambia Sadallah kwamba wali ukitoka na mimi natoka, atafute mwalimu mwingine wa kufundisha haraka yake. Akasema, "Fanyeni mazoezi na chakula cha kweli, nitazame mara moja, nikichoka nautoa." Tukapika. Anayeigiza mama mkwe ni bibi mmoja wa hapa, anaitwa Warda, mtu mzima, mchamungu. Nilishamfundisha kwamba kwetu mwenye nyumba hatangulii sinia. Mgeni hajatia mkono, mwenyeji hali. Mgeni akitoa mkono, mwenyeji naye anatoa, hata kama njaa inamuuma, asije akaonekana mroho mbele ya mgeni. Na nilimwambia, kumbuka, umefunga.

Basi wakakaa. Yasmin alitaka kutuonyesha kwamba kula hakuwezekani. Akakaa mbele ya sinia na mikono mapajani. Bi Warda akakaa. Adhana ya jirani ikatoka, ya kweli, si ya filamu. Bi Warda alikuwa amefunga kweli siku hiyo, hakumwambia mtu. Akanywa maji, basi. Anatazama wali, hagusi, kwa kuwa mgeni hajagusa na mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Wali unapoa.

Yasmin akamtazama yule bibi. Akamtazama tena. Akatia mkono, akala. Bi Warda naye akala. Yasmin akapunguza, bibi akapunguza. Ndipo yule binti akachukua upawa akaongeza, na bibi wa watu akacheka, akaongeza naye.

Yasmin alikuja kwangu akilia. Akasema, "Mwalimu, alijua kwamba akishasema, yule mama hatakula tena."

Shangazi, wewe uliandika mwenyewe kwamba bibi alikuwa amefunga. Uliandika kama unalalamikia jua. Nieleze: siku za matanga bibi alikula nini?

Mama, kama nimekosea, nikanushe. Kama sijakosea, nyamaza kama kawaida yako, nitajua.

Sadallah hajaamua. Tukio litapigwa katikati ya mwezi ujao.

Saadi


Kiongoroni, 9 Agosti 2025

Mwanangu Saadi,

Marahaba kabla hujaamkia. Huku hatujambo. Habari za Kiongoroni ni njema.

Amri amekuletea kifurushi, nimemwambia akukabidhi mkononi. Kuna mchele wa Ruaruke, ule uliowashinda nguruwe. Kuna kamba wakavu wa hapahapa. Kuna nazi mbili, maana huko najua mnapikia mafuta kama yatima. Chini ya mchele kuna bahasha ndogo. Usiifungue. Pika kwanza. Usile peke yako, ita watu. Ule ushibe, unawe, ndipo ufungue. Umenisikia? Wewe ni mkaidi, lakini mimi ndiye niliyekaidi kabla yako, nakuamuru.

Unapika? Basi soma haya wali ukiiva.

Nilifika hapa maji yamekupwa, nikatembea kwenye tope na mguu wangu huu mpaka mlangoni kwake. Hotuba ninayo tangu Nyamisati. Nikapiga hodi. Akasema, "Karibu, Sihaba," kana kwamba nilitoka jana kuchota maji. Akaniuliza habari za Ruaruke. Nikasema njema. Mtoto wa Mwanawetu? Njema. Mguu? Njema! Nikajikuta nimekaa mkekani. Akamwambia Zena apike. Nikasema sili. Akasema, "Basi na mimi sili." Tukakaa tunatazamana kama paka wawili. Nilikula, Saadi. Hotuba ikapoa.

Barua yako ya mwisho ilifika kwa boti nikiwa naye. Nilimsomea mimi. Nilipofika pale msichana alipoongeza, alicheka mpaka ikabidi nimshike bega. Nikamwambia, "Hadija, ni kweli?" Akasema, "Nyinyi watu wa Ruaruke mna maswali." Halafu akasema, "Huyo binti ana akili. Mwambie Saadi, wasiutoe wali. Na asisahau kuongeza, maana pale bibi alikuwa bado hajashiba."

Umeuliza mama yangu alikula nini siku za matanga. Hakula. Maji na uji wa kijiko, mpaka siku ya tatu akaanguka, tukadhani tunamzika na yeye. Bibi wa Kibiti aliyemkanda alisema ameokolewa na alichokula kabla. Nilikuwepo aliposema. Nilijua pia kwamba alikuwa amefunga. Vyote nilivijua, kila kimoja mahali pake, na wewe na msichana wako wa Dodoma mkaja kuviweka kwenye sinia moja. Siombi radhi kwa mtu. Lakini nimemsalimia.

Kale sasa.

Shangazi yako Sihaba


Bahasha ndogo

Saadi,

Kama umekula, soma. Kama hujala, rudi ukale, karatasi haikimbii.

Hadija, mama yako, wifi yangu, ametangulia mbele ya haki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 31 Julai. Sote ni wa Mungu na kwake tutarejea. Tulimzika baada ya adhuhuri, pale juu penye mchanga, ambapo maji hayafiki hata bamvua likiwa kubwa. Nilimwosha mimi. Niliposikia anaumwa ndipo nilipofunga safari, hayo ya kukukataza yalikuwa ya barabarani tu. Yeye ndiye aliyesema usiambiwe. Alisema unafanya kazi ya kupeleka habari, uachwe umalize.

Walitaka kumpigia nyapara wako. Nilikataa. Kama kuna lawama iko kwangu, nitaibeba. Habari ya Hadija haikustahili kuletwa na mtu mwenye haraka.


Mwanza, Jumapili, 17 Agosti 2025

Shangazi Sihaba,

Shikamoo.

Nilikula.

Sikuwa mjinga. Nilipofungua kifurushi harufu ya wale kamba ikatoka, nikasoma "habari ni njema", nikaona unaniamuru nile, nikajua. Mtu wa kwetu akikuambia hivyo ameshakuambia. Amri alikuwa anatazama matairi ya basi kama hajawahi kuona tairi. Ningeweza kuifungua bahasha palepale. Niliitia mfukoni nikakuna nazi.

Niliwaita Yasmin, Bi Warda, Bushiri na vibarua wenzangu. Bushiri akasema, "Mwalimu leo unaoa, au umeachwa?" Nikacheka, wallahi nilicheka. Niliwapakulia. Niliuliza habari za watoto wao mmoja mmoja. Nilikula vizuri, si kwa kugusagusa. Nilikula huku najua, na sasa najua pia kwamba kula vile si kukosa moyo. Ni kazi nzito kuliko zege. Kila tonge lilikuwa na uzito wake, na nililimeza, kwa sababu mama alilimeza la kwake akiwa hana hata wa kumwandaa moyo, kama ulivyoniandaa wewe kutoka mbali. Bi Warda alinitazama, akatoa mkono kwenye sinia. Nikaona anataka kuacha. Nikachukua upawa nikaongeza.

Kisha nikanawa, nikasema, "Jamani, lakini." Nikafungua.

Utauliza mbona sikupanda basi la Amri siku hiyo. Mama ameshazikwa, na wewe ulimwosha, ningeongeza nini zaidi ya hapo? Tukio lilikuwa lipigwe Jumatano. Nilibaki.

Asubuhi ya Jumatano Sadallah alinipa pole kwa mikono miwili, kisha akaniambia kwa ukweli kwamba wali ameutoa, wenye filamu wanataka ifupishwe. Sikugombana. Yasmin alisikia, hakugombana pia. Akaenda akavaa, akapiga hodi, akakaa mkekani upande wa mlango. Alisalimia mpaka mwisho. Akanywa maji. Hapo alitakiwa aseme "lakini". Hakusema. Akamgeukia Bi Warda akauliza habari za mbuzi. Na sinia likaja, Shangazi, lilikuja lenyewe, kwa maana vibarua wenzangu walikuwa wamelipika tangu alfajiri na hakuna aliyewaamuru. Kamera inazunguka, Sadallah ameinua mkono kusimamisha. Mkono ukakaa hewani. Hakuushusha mpaka binti alipoongeza na kunawa.

Baadaye akaniambia, "Sijui kama nitaweza kuuacha. Kuna meza ya kukatia, na wenye filamu wanakaa mezani." Nikamwambia wakate. Wakate wanavyotaka. Sisi tulikula mbele ya macho yao, na yule binti hatasalimia tena kama anayelipa nauli, hata akienda wapi.

Wamenipa kazi nyingine ya kufundisha, ya watu wa pwani ya juu. Nimesema sijui lafudhi ya huko na sitajifanya. Kwetu nitafundisha, wakinitaka watanifuata. Nimebakiza kazi moja ya kibarua, kubomoa kijiji. Mikoko ya mabomba inang'oka kwa mkono mmoja. Ile yetu sijui kama kuna aliyewahi kuing'oa bila kulala nayo topeni.

Na hili usinibishie. Nitapita kwako kabla sijashuka Kiongoroni kaburini. Nitapiga hodi uani, utaniuliza habari za Mwanza, nitasema njema. Nitauliza mguu wako, sauti ya Habiba, na mbuzi kama unao. Sitaki kuona watu wamejipanga mlangoni wananisubiri nianguke. Pika wali. Kaa mbele yangu, tia mkono nikitia, na usianze kulia kabla sijaongeza.

Nategemea kufika Ruaruke Ijumaa, tarehe 29 Agosti, jua likizama.

Mwanao,
Saadi